Tokeni

Kwenye ukuta wetu wa Isevya, pembeni ya mlango,
kuna namba ya mita iliyoandikwa kwa makaa
tangu siku mafundi walipotuwashia taa.
Kila mgeni anaijua. Giza likiingia ghafla
hata mtoto wa jirani hupapasa pale pale,
akasoma, akakimbilia dukani.

Karatasi ya mama ilikuwa sandukuni.
Chini ya kanga, chini ya hati ya shamba la Uyui,
ufunguo kiunoni mwake, kwenye uzi, kati ya shanga.
Ilikuwa na sahihi. Ilikuwa na muhuri wa daktari.
Ilisema: msinibonyeze kifua.
Walimbonyeza. Nani angewalaumu?
Walikuja mbio, wakakuta mtu mkekani na sisi tunapiga kelele,
wakafanya walichofundishwa.
Niliusikia ubavu wa kwanza,
kama muhogo mkavu unaovunjwa jikoni.
Akaishi siku nne na mpira kooni,
macho yakiniuliza habari za ufunguo.

Baba hakusema neno hadi arobaini ikapita.
Kisha akaanza kuhamisha karatasi.

Yake. Akaiweka nyuma ya saa, akaitoa.
Akaiweka ndani ya daftari la kliniki; daftari husahaulika.
Akaivaa shingoni wiki moja, ikaloa jasho, wino ukatoka machozi.
Shangazi Nyanzala akasema huo ni uchuro,
mtu haandiki kifo chake akakibandika kama tangazo la mnada.
Baba akamjibu, "Dada, umeme nao tumeuandikia namba,
na haujawahi kukatika kwa sababu ya namba."
Ulikatika jioni ile ile.
Shangazi akaondoka na ushindi wake gizani.

Lazima nieleze: baba alikuwa mtu wa reli.
Miaka ishirini na tisa vituoni, usiku, taa mkononi,
akimpa dereva tokeni kwenye pete ya chuma,
treni ikipita bila kusimama.
Huku mkono umeinuliwa, kule mkono unadaka.
Bila kile kipande hakuna ruhusa ya njia,
si kuelekea Kaliua, si kuelekea Malongwe.
"Wanaokuja mbio," husema, "hawana muda wa kufungua sanduku.
Unawapa mkononi."

Basi akachukua kaa,
akaandika chini ya namba ya mita, herufi nene kama za behewa:

MIMI MHOJA. NIKIZIMIKA MSINIWASHE.
KIFUA HAPANA. MPIRA KOONI HAPANA.
DAWA YA MAUMIVU NDIYO, TENA MSIPIME KWA UBAHILI.

Na msumari. Na karatasi yenye muhuri, ndani ya nailoni, inaning'inia.

Jumamosi akamwita Kashindye, dereva wa gari la wagonjwa,
na yule muuguzi mfupi wa zamu ya usiku.
Akawanywesha chai ya asali, kisha akazima taa zote.
"Tokeni," akasema, "halafu muingie kama mnavyoingia."
Akajilaza sakafuni, saa yake ya reli kiganjani.

Mara ya kwanza walipiga ndoo teke, wakamkanyaga vidole.
Mara ya pili wakanimulika mimi.
Mara ya tatu tochi ilipanda ukutani, ikaikuta namba,
ikashuka mstari mmoja,
mkono ukaidaka karatasi mguu ukiwa bado hewani.
Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Kashindye akapiga magoti. Kwa mazoea
akainyoosha mikono juu ya kifua cha baba,
akairudisha. Akaushika ule mkono wenye saa.

"Sasa unafanya nini?" baba akauliza, macho amefumba.

"Sasa nakaa, mzee."

Saa ikaendelea kugonga kati ya viganja vyao.
Hakuna aliyeinuka kuwasha taa.